Sayansi ya Madimba ilipiwe na nani?

Barabara inayotoka Mtwara mjini, ikapita Mangamba kwenda Msimbati, inamfikisha msafiri Madimba, penye mtambo wa kuchakata gesi asilia. Mtambo huo ulizinduliwa Oktoba 2015 na una uwezo wa kuchakata futi za ujazo milioni 210 kwa siku. Gesi inatoka Ghuba ya Mnazi, ilikogunduliwa mwaka 1982. Ikishasafishwa Madimba, inaingia kwenye bomba la inchi 36 kuelekea Dar es Salaam. Ujenzi wa mtambo na bomba uliendeshwa kwa mkopo wa China uliozidi dola bilioni moja.

Kabla ya gesi hiyo kufika Dar es Salaam, Mtwara iliwaka. Desemba 2012 watu waliandamana wakisema gesi haitoki Mtwara. Waziri Mkuu Mizengo Pinda alikwenda kuzungumza nao Januari 2013, hasira zikiwa zimeshapanda. Mei mwaka huohuo, siku bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni, ghasia zikazuka upya, mali zikachomwa na watu wakapoteza maisha. Sidai kwamba mihadhara ya jiolojia ingezuia msiba ule. Watu walikuwa wanadai mgawo wao, na anayedai mgawo hatulizwi kwa somo. Hata hivyo, mwenye shamba karibu na kisima cha gesi ana haki ya kujua gesi iko kina gani, itachukua miaka mingapi kuisha, na maji ya kisima chake yatapimwa na nani. Maswali hayo yalistahili kuwa na fungu lake ndani ya bajeti tangu mwanzo, kabla ya viongozi kulazimika kupanda jukwaani.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu mikoa hii ya kusini ilikwishaonyesha namna ya kufanya sayansi pamoja na wanavijiji. Mwaka 1988 Finland ilianza kufadhili mpango wa maendeleo vijijini ulioitwa RIPS katika mikoa ya Mtwara na Lindi, ukadumu hadi 2005. Miaka ya 1990 baruti ilikuwa inavunja matumbawe ya pwani yetu, na mwamba ukishavunjika samaki hana pa kuzalia wala pa kujificha. Ndani ya mpango huo wakaja wapiga picha wa kikundi cha Maneno Mengi, akiwamo Lars Johansson, wakaingia vijijini na kamera za video. Wavuvi wakaeleza wanayoyaona baharini, wakaonyeshwa walichosema, wakajadiliana, na kanda zikapelekwa kwa vijiji vingine na kwa viongozi. Wakati huo ndipo vijiji vya pwani vilipoungana katika chombo kilichoitwa Shirikisho ili kupambana na uvuvi wa baruti.

Tuangalie fedha ile ilinunua nini. Kamera na mafuta ya gari, ndiyo, lakini zaidi ilinunua muda. Mvuvi hawezi kueleza miaka ishirini ya kupiga mbizi katika kikao kimoja cha asubuhi, tena kikao ambacho mgeni anatazama saa. Anahitaji kurudiwa, kubishiwa na wenzake na kuaminiwa. Mfadhili anayetoa miezi sita na kutaka ripoti hawezi kuupata ushahidi wa namna hiyo. Na hapo ndipo palipo na udhaifu wa fedha za wageni hata zinapotumika vizuri: zina tarehe ya mwisho. Miaka ya 2000 milipuko ilirudi baharini.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, yenye kilomita za mraba 650, nayo ilitangazwa mwaka 2000 na miaka yake ya mwanzo ikategemea sana fedha za kimataifa za mazingira. Baadaye mwanaanthropolojia Vinay Kamat wa Kanada alifanya utafiti katika vijiji vya hifadhi hiyo, na makala yake ya mwaka 2014 ikabeba katika kichwa chake dai la wakazi kwamba bahari ndiyo shamba lao. Mtu anayesema hivyo ameshajieleza kuwa ni mkulima wa mahali hapo, na mkulima huulizwa kabla ya shamba kuwekewa mipaka.

Kwenye korosho ndipo tunapoona kwamba fedha ya sayansi inaweza kutoka kwetu wenyewe. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna tani zipatazo 145,000; kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka hadi tani kama 16,500. Watu walikuwa wamehamishiwa vijiji vya ujamaa, mikorosho ikabaki mbali porini, bei ilikuwa duni, na ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, walifanya kazi ya miaka mingi juu ya ugonjwa huo, na wakulima wakajifunza kupulizia salfa. Msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 313,000. Kituo hichohicho kilitoa mwaka 2009 mbegu za karanga zinazoitwa Mnanje, Mangaka, Masasi, Nachingwea na Naliendele, na katika utafiti wake wa karanga wakulima wenyewe walishiriki kuchagua mbegu. Anayekula karanga ndiye anayejua ipi inamenyeka kwa urahisi na ipi ina ladha.

Katika miaka ya baadaye kazi ya korosho ilisaidiwa na ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje: asilimia 15 ya thamani yake au dola 160 kwa tani, ile iliyo kubwa. Kwa utaratibu wa zamani, asilimia 65 ya ushuru huo ilirudi kwenye zao, utafiti ukiwamo. Juni 2018 wabunge wa kusini walipambana bungeni kuutetea mgawo huo, wakashindwa, na fedha yote ikaelekezwa Hazina. Naamini walikuwa na haki. Mkulima aliyekatwa ushuru kwa ajili ya utafiti ana sauti ya kuuliza utafiti umefikia wapi. Fedha ikishachanganywa kwenye mfuko mkuu, hajui tena amuulize nani.

Gesi nayo ina mlango wake wa fedha. Halmashauri hutoza ushuru wa huduma kwa kampuni zinazofanya kazi katika eneo lake, ambao kwa miaka mingi ukomo wake ulikuwa asilimia 0.3 ya mauzo. Na sheria tayari inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kama fungu hilo limewezekana, hata nusu asilimia ya mapato ya ndani ikitengwa kwa vijiji vinavyopima mambo yao wenyewe nayo itawezekana. Madimba ipime chumvi katika visima kila mwezi, Msimbati iandike samaki wanaoshushwa ufukweni, shule za sekondari zitunze vipimo vya mvua, na mtaalamu wa Naliendele au wa hifadhi alipwe kurudi kila msimu kuyasoma matokeo pamoja nao.

Wanaopima walipwe. Kisiwani Mafia, shirika la Sea Sense, lililoanza kazi mwaka 2001, lilimlipa mwanakijiji aliyetoa taarifa ya kiota cha kasa, kisha likamwongezea kulingana na mayai yaliyoanguliwa. Wizi wa mayai ulipungua sana. Posho ile ilikuwa ndogo, lakini ilimfuata aliyetembea ufukweni usiku badala ya kuishia kwenye semina ya hotelini.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi husomwa hapo. Vipimo vya maji vya miezi mitatu hiyo vinaweza kusomwa palepale, kwa sauti, kabla ya mihtasari kupelekwa kwenye kata.