Kikuza Sauti cha Kikundi Kichanga: Tununue kwa Ujuzi, Tuchunge Amana



Wasomaji wetu watukufu, wiki hii tunaomba ruhusa yenu tuandike juu ya jambo lisilozoeleka katika ukurasa huu, nalo ni kikuza sauti, au amplifaya kama wengi waiitavyo. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, ni jambo linalogusa mifuko ya kina mama. Na pili, ni jambo ambalo sisi wenyewe tulikosea.

Katika safari zetu za darasa huko Meru na Embu, mashariki ya Mlima Kenya, tulijuana na kikundi cha kina mama 20 wasomao kasida katika nikahi na maulidi. Wana madufu, dumbaki, kinanda kidogo cha umeme, na binti mmoja aliyejifunza udi kwa mjomba wake Mombasa. Waislamu wa huko ni wachache na wametawanyika, kwa hiyo kikundi hiki leo huitwa Meru, kesho Chuka, keshokutwa Embu. Twajua kuwa wanavyuoni wana kauli mbalimbali juu ya ala za muziki, na makala haya hayakukusudia kuzimaliza. Kila familia na ifuate mwalimu wake. Hata mwenye kutosheka na dufu na sauti ya mwanadamu atahitaji kusikika ukumbini.

Kina mama hao waliweka shilingi 100 kila mmoja kwa juma, majuma 16, zikatimia 32,000. Wakatutaka shauri. Nasi tulipoona boksi lililoandikwa wati 1,000 kwa tarakimu kubwa, tukasema, "Hii itafaa." Katika karamu yao ya pili, huko Embu, kinanda kilipopigwa sauti nzito, spika ilikoroma kisha ikanyamaza, na bibi harusi hajatoka ndani bado.

Mwenyekiti wao hakutulaumu. Alitwambia tu, "Shekhe, mashine ni chuma, huharibika. Uchungu wangu ni zile mia mia. Mwenzetu mmoja huuza mchicha."

Maneno hayo yalituuma kuliko lawama. Anayetakwa shauri amebebeshwa amana, nasi tuliibeba bila ya ujuzi. Tukaenda kuuliza mafundi na wapigaji wa taarabu, na haya ndiyo tuliyofunzwa.

La kwanza ni kujua mashine imeundiwa nini. Ile tuliyoinunua ilikuwa amplifaya ya gita la umeme. Spika yake husisitiza sauti za katikati, wala haikukusudiwa kutoa kwa usafi sauti nyembamba kabisa. Gita hupendezwa nayo, lakini msomaji wa kasida husikika kama aliyefunikwa blanketi. Kinanda nacho hutoa sauti nzito ambazo spika ndogo ya gita haiziwezi, ikilazimishwa, hupasuka. Kikundi chenye ala mchanganyiko chahitaji amplifaya ya kinanda, au spika ya hadhara yenye kichanganyio ndani yake. Hizi huwa na spika kubwa ya sauti nzito na ndogo ya sauti nyembamba, na hutoa kila sauti kama ilivyoingia.

La pili ni kuhesabu njia za kuingizia sauti. Kikundi chetu kilihitaji tatu: maikrofoni, kinanda na udi, na kila njia iwe na kitufe chake cha kupandisha na kushusha. Angalau njia moja iwe na tundu la plagi ya pini tatu ya maikrofoni. Kwa mfano tu, wala si kwa kumtangazia mtu biashara: Behringer K450FX ina wati 45, spika ya inchi 10 na njia 3. Roland CUBE Street EX ina wati 50 na njia 4, nayo huweza kutumia betri 8 za kawaida umeme ukikatika. Ukijua sifa hizi, waweza kutafuta mashine nyingine yenye mfano wake, mpya au iliyotumika, kwa kadiri ya mfuko wako.

La tatu ni kutohadaika na wati. Tarakimu kubwa ya boksini mara nyingi ni kilele cha kufumba na kufumbua jicho, au pengine si chochote. Inayotakiwa ni wati za kudumu, ambazo kwenye vitabu vya mashine huandikwa RMS. Iko njia nyepesi ya kupima ukweli: soma kibandiko cha nyuma. Ikiwa mashine hulishwa na adapta ya volti 12 na ampea 3, zidisha. Utapata wati 36. Mashine ilayo 36 haiwezi kutoa 1,000 kwa kudumu. Tungalijua hesabu hii ya mtoto wa darasa la tano, tusingaliwatia hasarani kina mama wale.

Tena, kuongeza wati maradufu hakufanyi sauti kuwa maradufu masikioni. Huongeza desibeli 3 tu, tofauti ndogo. Ili sikio lione sauti imekuwa maradufu, zahitajika wati mara kumi hivi. Kwa chumba cha madrasa au sebule ya wageni 60, wati 40 hadi 50 za kweli zatosha.

La nne ni kujaribu kabla ya kulipa. Nenda na kinanda chako na maikrofoni yako mwenyewe. Piga noti nzito kuliko zote, na mwenzako asome papo hapo, kwa muda wa robo saa. Simama hatua kumi mbali usikilize kama maneno yanafahamika. Kisha chomoa vyote, sikiliza kama mashine inanguruma peke yake. Tikisa plagi kwenye matundu. Ikikatakata, iache dukani.

La tano ni matumizi. Maikrofoni ikielekezwa kwenye spika hupiga mluzi, kwa sababu sauti huingia, hutoka, huingia tena. Msomaji na asimame nyuma ya spika, si mbele yake. Shusha sauti kabla ya kuwasha na kabla ya kuchomoa waya. Na plagi ya umeme yenye pini tatu isikatwe pini ya ardhi hata siku moja, kwani hiyo ndiyo kinga ya mkono ulioshika maikrofoni. Majira ya mvua za milimani, mashine iliyopatwa na unyevu njiani ikaushwe kwanza.

Wala tusisahau jirani. Kenya ina kanuni za mwaka 2009 za kudhibiti kelele, na kabla ya hizo yapo mafunzo ya Luqmani kwa mwanawe juu ya kushusha sauti. Kikundi kinachoishi kati ya majirani wa dini nyingine hutangaza dini yake kwa adabu kabla ya kuitangaza kwa spika.

Kina mama wale walichanga upya. Safari hii tulitia fungu letu kwa kuwa kosa lilikuwa letu, nasi tukakaa kimya dukani. Waliochagua ni wao wenyewe: binti wa udi akipiga, mwenyekiti akisoma, na muuza mchicha amesimama hatua kumi mbali, mkono sikioni. Mashine mbili za mwanzo alizikataa. Ya tatu, iliyotumika, yenye wati 45, aliisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Hii nasikia kila neno." Pesa zikatolewa.

Ile ya kwanza fundi wa Meru aliitia spika nyingine, na sasa hutumika kwa maikrofoni moja tu, katika darasa la watoto. Kila tukifika huko huwekwa mbele yetu tusomeshee, nasi hatukosi kukumbuka.

Wabillahi tawfiq.