Modemu Inapojiunganisha Yenyewe

Katika eneo la Mnyuzi, wilayani Korogwe, reli ya Tanga hukutana na reli itokayo Ruvu, iliyofunguliwa mwaka 1963. Treni inapofika hapo, reli huwa imekwisha kuelekezwa. La sivyo, abiria wangejikuta kusiko kwao. Kompyuta ya nyumbani nayo huelekeza data kwa namna hiyo.

Pasipo na waya wa intaneti, kompyuta huunganishwa kwa modemu ndogo yenye laini ya simu. Modemu hupiga namba, aghalabu *99#, na baada ya kupokelewa, kompyuta hujiwekea njia ya msingi, yaani agizo kwamba data yote iendayo nje ya nyumba ipitie humo. Ikiwapo njia nyingine, kwa mfano simu inayogawa intaneti kwa Wi-Fi, huchaguliwa ile yenye namba ndogo ya kipaumbele. Modemu ikikatika, njia yake hufutwa na ya pili hushika nafasi.

Yote haya yaweza kufanyika bila mkono wa mtu, endapo mipangilio itairuhusu kompyuta kujiunganisha kila programu inapohitaji intaneti. Ni nafuu kwa mwenye duka anayetuma hesabu zake kila jioni. Lakini programu inayohitaji intaneti si ile tu aliyoifungua mwenyewe. Masasisho ya mfumo yaweza kuanza usiku wa manane na kumaliza kifurushi cha wiki kabla ya alfajiri. Tena, laini ya modemu ikiishiwa na kukatika, kompyuta iliyozoea kuunganishwa na simu huhamia huko bila kuuliza, na kifurushi cha pili hufuata cha kwanza.

Tunashauri modemu iruhusiwe kujiunganisha, ila simu iunganishwe kwa mkono. Katika mipangilio, muunganisho wa modemu utambulishwe kuwa unalipiwa kwa kipimo, ili masasisho makubwa yasubiri. Fundi akikufanyia kazi hii, asiondoke kabla ya kuchomoa modemu mbele yako ili uone kompyuta inakimbilia wapi. Jaribio hilo ni la dakika moja, na mafundi wengi hulisahau.

Kwa kanuni za vifurushi zilizotangazwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania mwaka 2021, mtoa huduma anapaswa kukujulisha kifurushi kinapotumika kwa asilimia 75 na kinapofikia asilimia 100. Hapaswi kukutoza nje ya kifurushi bila ridhaa yako. Taarifa hizo huja kwa ujumbe mfupi kwenye laini iliyomo ndani ya modemu, ambako watu wachache huangalia; fungua programu ya modemu uzisome. Salio likikatwa bila ridhaa yako, tunza ujumbe huo, andika tarehe na saa, kisha peleka lalamiko kwa mtoa huduma. Usiporidhika na majibu yake, lifikishe kwa Mamlaka.