Je, Wajua? Kifaa Kipya Si Lazima Kiwe Salama Zaidi

Januari 2001, Uingereza iliagiza upasuaji wa mafindofindo ufanywe kwa vifaa vya kutumika mara moja na kutupwa. Kilichohofiwa ni prioni, protini zinazohusishwa na kichaa cha ng'ombe, ambazo mvuke wa kawaida wa kutakasia vifaa hauziangamizi zote. Lakini visa vya wagonjwa kutokwa damu baada ya upasuaji vikaongezeka. Desemba mwaka huohuo, vifaa vya kutakaswa na kutumiwa tena vikaruhusiwa kurudi.

Wataalamu wa dawa za usingizi nao wanajua kwamba kifaa kipya si lazima kiwe bora: ulimi wa plastiki, wa kutumika mara moja, wa laringoskopu (kifaa cha kutazamia njia ya hewa) ukipinda kinywani, au taa yake ikififia, njia ya hewa haionekani vizuri. Usafi pekee hautoshi. Kifaa sharti kiifanye kazi yake.