Kisu cha Kambi na Hadaa ya Moto wa Jikoni

Kila likizo ya shule inapokaribia, na vijana wa skauti wa hapa Nyaramba wakaanza kufungasha mizigo yao kwenda kupiga kambi upande wa Manga, hunijia swali lile lile: "Fundi, kisu nimekipata kwa bei nafuu, nikikitia motoni hadi kiwe chekundu kisha nikakizima katika maji ya chumvi, si kitakuwa kigumu?" La, hakitakuwa, na kwa kuwa jawabu hilo nimelitoa kwa mdomo mara nyingi mno, wala visu havikuacha kuharibiwa, naona imenipasa kulieleza kwa kalamu.

Dhana hiyo imezaliwa na ukweli nusu. Hakika mhunzi hukizima chuma chekundu na kikawa kigumu, lakini yeye anaijua asili ya chuma alichokishika, ilhali mwenye kisu cha sokoni haijui ya kwake. Ugumu hautoki motoni. Asili yake ni kaboni iliyochanganyika na chuma, na moto hauna kazi ila kuipanga upya ile iliyomo. Chuma laini cha madirisha na mageti kina kaboni kama sehemu 2 katika 1000, nacho hata kikichomwa kutwa nzima na kuzimwa katika kila kioevu kilichopo duniani, hakitapata ugumu wa kutosha kushika makali. Springi ya gari ina sehemu 5 au 6 katika 1000, na tupa nzuri hufikia 10 au kuzidi. Hizi ndizo feleji zinazokubali kukazwa.

Ama hizo zenyewe, je, zitafaidi nini na moto wa jikoni? Springi hukazwa ikipita takriban nyuzi 800 za Selsiasi, joto ambalo chuma huwa kimekwisha kuacha kuvutwa na sumaku, na huzimwa katika mafuta. Ukiizima katika maji, aghalabu hupasuka, na hiyo chumvi inayosifiwa sana huzidisha tu kasi ya kupoa, basi huongeza nyufa. Tena, hata ikisalimika, huwa ni kitu cha kuvunjika kikianguka juu ya jiwe, mpaka isuguliwe ing'ae, kisha ipashwe taratibu hadi uso wake ugeuke rangi ya majani makavu, karibu nyuzi 220, na hapo iondolewe mara moja. Ikichelewa, rangi huingia zambarau, halafu samawati, na makali ya samawati hayadumu. Ni nani anayeyatazama hayo juu ya jiko la makaa, huku sufuria ya chai ikingoja zamu yake? Na kisu kisichoshika kutu, chenye kromiamu isiyopungua sehemu 105 katika 1000, huhitaji joto la kupita nyuzi 1000 ili kikazwe. Jiko humwondolea mwenyewe ule ugumu alioulipia, na pale palipoungua ndipo kutu hutangulia kuingia.

Madhara hayo hayo huletwa na grainda ya kunolea inayoshindiliwa hadi ncha ikageuka samawati. Mwenye kisu hushangilia cheche, kumbe kisu chake kinauawa mbele ya macho yake!

Kwamba chuma chema hutaka mikono ya mjuzi si jambo geni. Mwanajiografia Sharifu al-Idrisi, aliyekamilisha kitabu chake mwaka 1154, alitaja chuma cha Sofala kilichovushwa bahari hadi India, akawasifu Wahindi kwa ustadi wao wa kukifua: madini mema yalitoka pwani hii ya Afrika, na panga zikatoka katika mikono ya wajuzi.

Basi kisu cha kununua ni kipi? Cha kwanza, kisu kilichofuliwa kwa springi na fundi unayemfahamu: ubapa wa sentimita 10 hadi 12, unene wa milimita 3, na mkia wa chuma upite ndani ya mpini wote, si kipande kifupi kilichogundishwa. Cha pili, visu vya Mora vya Uswidi vya feleji ya kaboni, ambavyo ni vyepesi na bei yake si ya kutisha. Cha tatu, kwa mwenye haja ya kukata vitunguu na kamba tu, kisu cha kawaida cha jikoni kilichoshonewa ala. Jaribu makali kwa tupa: ikiteleza, kisu kimekazwa, ikila kama inavyokula msumari, kirudishe. Kuni achia panga. Noa kwa jiwe lililoloweshwa, kwa pembe ya kama nyuzi 20. Kwa mvua zetu hizi za alasiri, kipanguse na kukipaka mafuta ya kupikia kila jioni, na njiani kiwe mkobani, kwa maana sheria ya Kenya haipendi silaha hadharani pasipo sababu ya maana.

Aliyekwisha kukichoma kisu chake cha springi asikitupe. Akipeleke kwa fundi kikazwe upya katika mafuta na kupashwa kama nilivyoeleza, maadamu hakijapata ufa. Cha chuma laini hakina dawa. Kitafaa kupaka siagi.