Hinkemann: Tamthilia ya Vita Iliyozua Ghasia Dresden

Usiku wa Januari 17, 1924, waigizaji wa ukumbi wa serikali mjini Dresden, Ujerumani, walishindwa kusikika. Wanautaifa walikuwa wameingia kwa makundi, tiketi mkononi, wakazomea, wakapiga miluzi na kuimba nyimbo za taifa hadi maneno ya jukwaani yakamezwa. Tamthilia waliyoipinga ni Hinkemann ya Ernst Toller, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Leipzig mnamo Septemba 1923. Mtunzi hakuwapo. Alikuwa gerezani huko Bavaria, akitumikia kifungo cha miaka 5 kwa kushiriki katika serikali ya kimapinduzi ya Munich ya mwaka 1919, na humo gerezani ndimo alimoiandika.

Eugen Hinkemann ni mfanyakazi aliyerudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia. Ukimtazama utadhani ni mzima, tena ana kifua cha mwanamieleka, kumbe risasi ilimharibia sehemu za siri. Anampenda mkewe, Grete, na kuchekwa anakuogopa kuliko njaa. Mwanzoni tunamwona ameshika ndege ambaye mama mkwe amemtoboa macho kwa sindano ya moto. Hasira na huruma zinamtetemesha. Kisha, kwa kukosa kazi, mtu huyuhuyu anaajiriwa katika maonyesho ya viwanjani, ambako anang'ata panya hai na kunywa damu yao mbele ya umati, huku mwenye maonyesho akimnadi kuwa ndiye nguvu za Ujerumani.

Tangazo hilo la mwenye maonyesho ndilo lililowachoma wanautaifa. Ujerumani ilikuwa imepoteza askari wapatao milioni 2, na walemavu wa vita walijaa mitaani, lakini shujaa waliyetaka kumwona jukwaani ni yule aliyekufa akiwa mzima wa mwili na wa heshima. Mahali napo palizidisha machungu. Ukumbi ule ulikuwa wa mfalme wa Saxony hadi 1918, na kesho yake, Januari 18, ilikuwa kumbukumbu ya kutangazwa kwa dola ya Ujerumani mwaka 1871. Kuonyeshwa kwa Hinkemann katika nyumba hiyo, mkesha wa siku hiyo, kwao kulikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni.

Toller hakuandika kwa kusimuliwa. Alijitolea jeshini mwaka 1914, akakaa mstari wa mbele miezi 13, akarudishwa baada ya afya yake kuvunjika. Hata hivyo, katika tamthilia hii hakuweka handaki wala mzinga. R. C. Sherriff, Mwingereza aliyepigana upande wa pili, aliifungia tamthilia yake Journey's End ya 1928 ndani ya handaki mwanzo hadi mwisho, na ni kazi nzuri sana. Ila mtazamaji anaweza kuwalilia maofisa wa humo kisha akaenda zake. Toller ameviingiza vita jikoni na chumbani, kwa jirani, kwa rafiki anayemsaliti Hinkemann na kumdanganya kwamba Grete alimcheka. Uongo huo ndio unaowaangamiza mume na mke, miaka kadhaa baada ya bunduki kunyamaza.

Wanazi walivichoma vitabu vya Toller mwaka 1933 na kumvua uraia. Alijiua New York mnamo Mei 1939. Kwa walimu wa sanaa za maonyesho wanaotafuta tamthilia ya vita ya kipindi kile, ningeomba waanze na Hinkemann: ndiyo inayomtaka mtazamaji ajibu amemtendea nini aliyerudi.