Kidonda cha mgonjwa mahututi: Si kila mara ni uzembe

IWAPO umewahi kushiriki kumwosha maiti wa mtu aliyeugua kwa muda mrefu, huenda uliona kidonda cheusi juu ya makalio au kwenye kisigino, ukajiuliza kama kweli marehemu alitunzwa. Swali kama hilo halibaki ndani ya chumba cha kuoshea. Hutoka na waoshaji, likafika matangani, na kabla ya siku tatu kupita binti aliyekesha na mgonjwa anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Kama marehemu alifia hospitalini, lawama huwaangukia wauguzi.

Lakini mambo si rahisi hivyo, msomaji. Kuna vidonda vinavyoletwa na kulala upande mmoja kwa muda mrefu, na kuna ngozi inayokufa kwa sababu mwili wote umelemewa. Ngozi ni kiungo kama vile figo na ini, tena ndicho kikubwa kuliko vyote, nayo inaweza kufeli.

Tuanze na kidonda cha kulalia. Chukua mfano wa Griftu, mji wa Wajir Magharibi. Hospitali ya kaunti ndogo ipo, lakini mgonjwa akizidiwa hukimbizwa mjini Wajir, na huko ikishindikana safari huendelea hadi Garissa au hata Nairobi, zaidi ya kilomita 600 kutoka Wajir. Fikiria mtu aliyepoteza fahamu, amelazwa chali juu ya machela, gari linarukaruka na joto linamtoa jasho. Hageuki kwa sababu hawezi. Uzito wake wote umekalia mfupa wa juu ya makalio, visigino na kisogo, na damu haipiti vizuri mahali hapo.

Sasa sikia jambo ambalo jamaa wengi hawalijui. Mgandamizo wa namna hiyo unaweza kuanza kuua nyama ya ndani, karibu na mfupa, huku ngozi ya juu ikionekana nzima. Rangi ya zambarau au lengelenge la damu huweza kujitokeza saa 48 hadi 72 baadaye. Kwa hivyo mgonjwa aliyesafirishwa Jumatatu anaweza kupokewa mgongo ukiwa safi, kisha Alhamisi kidonda kikachomoza. Familia itaapa kwamba kililetwa na wodi, kumbe kilianzia barabarani!

Ngozi kufeli ni jambo jingine. Viini vinapoenea katika damu na shinikizo la damu likashuka mno, mwili hubana matumizi. Mfugaji yeyote wa Wajir ataelewa: kisima kikikaribia kukauka, maji yaliyobaki hugawanywa kwa hesabu. Ubongo na moyo hupewa damu kwanza, ngozi hungoja. Hata baadhi ya dawa za kupandisha shinikizo katika wodi ya mahututi hufanya kazi kwa kubana mishipa, na ngozi huzidi kunyimwa.

Ubishi kuhusu jambo hili ni wa zamani. Mwaka 1859 Florence Nightingale aliandika kwamba kidonda cha kitandani kwa kawaida ni kosa la uuguzi wala si la ugonjwa. Miaka michache baadaye Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris, alieleza vidonda vilivyowatokea ghafla wagonjwa wa ubongo na kuashiria kifo. Mwaka 1989 muuguzi Mmarekani, Karen Lou Kennedy, alieleza kidonda chenye umbo la peasi kinachotokea chini ya mgongo wa mtu aliye karibu kufa. Nightingale, kwa maoni yangu, aliwabebesha wauguzi mzigo mzito kupita kiasi.

Je, utatofautishaje? Kidonda cha kulalia hukaa juu ya mfupa, au hufuata umbo la kitu kilichobana, kwa mfano mpira wa oksijeni nyuma ya sikio. Ngozi inayofeli hubadilika haraka, pengine kwa saa chache, wakati figo, mapafu au ini navyo vinashindwa, na huweza kutokea hata mahali pasipolaliwa. Tatizo ni kwamba sehemu ya juu ya makalio hupatwa na yote mawili, na hakuna kipimo cha maabara cha kukata shauri. Daktari hutazama mgonjwa mzima.

Na kwa ngozi nyeusi, usingoje wekundu ambao vitabu vingi huutaja. Huenda usiuone. Gusa kwa kiganja: je, pana joto au ubaridi kuliko upande wa pili? Pamekuwa pagumu au pamelegea? Mgonjwa anayeweza kusema, muulize kama panauma.

Hata hivyo, asije mtu akajificha nyuma ya maneno "ngozi imefeli" wakati mgonjwa hakugeuzwa usiku kucha. Kabla ya kusema hivyo, ni lazima ionekane kwamba alikuwa akigeuzwa, alilazwa juu ya godoro linalofaa, na hakuachwa katika unyevu.

Wewe unayeuguza, acha kusugua mahali palipobadilika rangi. Unazidi kuumiza nyama. Glavu zilizojazwa maji chini ya visigino hazifai, wala pete za mpira za kukalia. Weka mto chini ya miguu, kuanzia nyuma ya goti, ili visigino vielee. Mgonjwa wako anapopokewa, mwombe muuguzi mkague ngozi pamoja, kuanzia kisogo hadi visigino, na aandike alichokiona pamoja na saa. Mwambie pia safari ilichukua muda gani na mgonjwa alilala juu ya nini. Ukiwa bado njiani, muulize mhudumu kama mnaweza kusimama na kumgeuza kidogo. Aliyeumia shingo au uti wa mgongo asiguswe bila idhini yake.