Buti, Bando na Kodi: Fundi wa Kandarasi Anaweza Kutoa Nini?

Wateja wetu wengi hutuuliza: nikijaza ritani ya KRA kabla ya tarehe 30 Juni, ninaweza kutoa bei ya buti za mjengo kwenye mapato yangu? Jibu liko kwenye Sheria ya Kodi ya Mapato: gharama inakubalika tu kama ilitumika yote, na pekee, kutafuta mapato hayo.

- Ndiyo: helmeti, glavu na buti za usalama za saiti.
- Hapana: jinzi, viatu vya kawaida na lanchi. Hata ukivivaa kazini kila siku, hayo ni matumizi yako binafsi.
- Nusu nusu: simu na bando. Toa ile sehemu ya kazi pekee, na uwe na hesabu ya kuonyesha.
- Polepole: laptop ya kazi hutolewa asilimia 25 kwa mwaka, si yote mara moja.

Sasa, hapa ndipo wengi huumia. Ile meseji ya malipo kwenye simu inaonyesha ulilipa, lakini haitoshi. Tangu tarehe 1 Januari 2024, manunuzi kama haya yanahitaji ankara ya eTIMS. Mpe muuzaji PIN yako ya KRA kabla hujalipa, kisha uhifadhi ankara kwa miaka 5.

Unalipa TOT? Basi hakuna cha kutoa, kwa sababu kodi hiyo hukatwa kwenye mauzo yote.

Tunakushauri: pesa za kazi zipitie till ya biashara, za nyumbani zibaki kwa laini yako.